Kabla ya Kugusa Springi ya Boneti

Fito ya mkaratusi, ncha moja imekita kwenye shoo na nyingine imechomekwa chini ya boneti: hiyo ndiyo dawa ya haraka ambayo mwenye gari la zamani huikimbilia boneti inapokataa kusimama yenyewe. Fundi huinama chini yake, mikono iko ndani ya injini, na kisogo kiko sentimita chache tu kutoka kwenye ukingo wa bati. Upepo ukivuma, au mtu akiigusa fito kwa kiwiko, mzigo wote unamshukia shingoni. Ni hatari isiyo na sababu, kwa kuwa tatizo lenyewe linatengenezeka kwa vifaa ambavyo gereji ndogo ya Nyantakara, Biharamulo, inaweza kuwa navyo: jiliwa, brashi ya waya, kamba imara, mbao mbili na kiganja cha washa.

Kinachopungua mara nyingi ni mpangilio wa kazi. Boneti ikianza kushuka yenyewe, wazo la kwanza la mwenye gari huwa kutafuta springi mpya. Anaagiza Mwanza au Kahama, anasubiri, anafunga, na baada ya miezi michache boneti inarudia tabia yake ileile au, vibaya zaidi, inapinda karibu na kioo cha mbele. Sababu ni kwamba springi aghalabu haifi peke yake. Bawaba iliyoganda ndiyo inayoichosha, na bawaba isipotibiwa kwanza, springi mpya inaingia kwenye ugonjwa uliomaliza ile ya zamani.

Si kila gari la zamani lina springi hizi, na ni vema hilo lijulikane kabla fedha haijatoka mfukoni. Land Rover, tangu zilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948 hadi Series III ilipokoma mwaka 1985, zina boneti ya aluminiamu inayoshikiliwa na fimbo. Toyota Land Cruiser za kazi nazo ni za fimbo. Ndizo zilizozoeleka katika barabara za Ngara tangu mashirika ya misaada yalipomiminika mwaka 1994, pale wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo ndani ya takriban siku moja na kambi ya Benaco ikazaliwa. Mwenye gari la aina hiyo ambaye boneti yake inaanguka anahitaji fimbo nzima na kishikio kizima, basi.

Wanaohusika zaidi ni wenye Mercedes-Benz za zamani na Volkswagen Beetle. Mercedes ya W123, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1986 kwa idadi ya karibu milioni 2.7, ndiyo gari la mabosi lililosafiri sana katika Tanzania ya miaka ya 1980, enzi ambazo wakubwa waliitwa Wabenzi mitaani. Boneti yake ni pana na nzito, imefungwa bawaba upande wa kioo, na ina springi kila upande. Ina pia ubora mmoja ambao fundi asiyeijua huupita bila kuutumia: zaidi ya pale inaposimama kwa kawaida, inaweza kuinuliwa mpaka ikawa wima kabisa. Beetle, ambayo ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003 baada ya magari zaidi ya milioni 21.5, ina mpangilio mwingine. Mbele ni buti, injini iko nyuma, na kifuniko cha injini kina springi yake yenye nguvu kuliko udogo wake unavyoonyesha.

Magari haya mawili yana historia ya heshima katika vumbi la Afrika Mashariki. Katika mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, na katikati hapo Mercedes ikatwaa ushindi miaka mitatu mfululizo, 1959, 1960 na 1961. Ugumu ule haukuwa hadithi. Lakini gari la mbio lilikuwa na mafundi waliolifungua na kulisafisha kila lilipofika kituoni, wakati gari la mzee mstaafu lililoegeshwa Biharamulo au Ngara linaweza kukaa miaka bila mtu kutia hata tone la oili kwenye bawaba ya boneti. Mvua za masika na vuli zinaleta kutu. Kiangazi kinaleta vumbi jekundu la changarawe, jembamba, linaloingia penye upenyo mdogo kuliko unywele. Vumbi hilo likikutana na oili iliyokwishakuwepo, linakuwa tope gumu linalosaga pini ya bawaba kila boneti inapopandishwa na kushushwa.

Kwa hiyo uchunguzi uanze kwa macho na masikio. Boneti yenye springi zilizochoka hupanda kwa wepesi bila kelele, kisha ikiachiwa hushuka polepole, pande zote mbili sawa. Boneti yenye bawaba iliyoganda hulia, hukwama katikati, na huhitaji kusukumwa hata wakati wa kushuka. Upande mmoja ukiwa umeganda kuliko mwingine, boneti hupanda ikiwa imepinda kidogo, kona moja juu na nyingine chini. Fundi makini huangalia pia rangi ya boneti pale inapokutana na bawaba. Mstari mwembamba uliokunjamana, au rangi iliyopasuka kama nyuzi, ni ishara kwamba bati limeanza kujikunja mahali ambapo bawaba ilipaswa kujikunja. Gari likifika hapo lisifungwe boneti tena kwa nguvu hata mara moja, kwa sababu kila kubamiza kunaongeza mkunjo ambao kuunyoosha ni kazi ya mtu wa bodi na rangi, na gharama yake haifanani kabisa na ya springi.

Dawa ya bawaba ni rahisi na inachukua usiku mmoja. Dizeli au mafuta ya taa yanapakwa kwa brashi kwenye kila pini na kila kiungo, kutu inasuguliwa kwa brashi ya waya, yanapakwa tena, na gari linaachwa hadi asubuhi. Siku ya pili boneti inapandishwa na kushushwa taratibu, watu wawili wakiishika, mara nyingi kadiri inavyohitajika mpaka kilio kiishe. Kisha uchafu uliotoka unafutwa kwa kitambaa na kila kiungo kinapewa oili safi nyepesi, tone moja moja. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ambayo wengi huitumia kwa kuwa haina bei, isitumike hapa. Ina masizi na chembe za chuma, na inaendeleza usagaji uleule. Grisi nzito nayo inavutia vumbi. Nafasi yake ni kwenye ndoano za springi, mahali ambapo chuma kinasuguana na chuma chini ya mzigo.

Baada ya tiba hiyo boneti nyingi husimama. Hapo kazi imekwisha, na fedha ya springi inabaki kwa matumizi mengine.

Ikiwa bado inashuka, au springi imekatika, au ndoano imelika mpaka imebaki nusu ya unene wake, sasa ndipo springi inapotolewa. Hapa fundi na atulie. Hesabu moja inatosha kuonyesha kwa nini. Chukulia springi ambayo kila milimita moja ya kuivuta inahitaji uzito wa kilo moja. Ikivutwa milimita 100, nguvu inayohifadhiwa ndani yake ni sawa na ya nyundo ya kilo moja iliyodondoshwa kutoka mita tano. Ndoano ikichomoka vibaya, nguvu yote hiyo inatoka kwa mara moja, na kilicho mbele yake kwa kawaida ni uso au vidole vya anayeivuta. Miwani ya kinga ni ya lazima, ile ya plastiki ngumu ambayo mafundi wa grinda huvaa. Miwani ya jua haitoshi.

Gari liegeshwe mahali tambarare, pasipo na upepo, breki ya mkono ikiwa juu na kigingi nyuma ya tairi. Blanketi kuukuu litandikwe juu ya madigadi yote mawili, kwa kuwa springi ikiponyoka hupiga rangi kwanza. Boneti ifunguliwe hadi mwisho wake. Katika W123 inafaa ipandishwe mpaka iwe wima, baada ya kulegeza kizuizi kidogo kilicho kwenye bawaba. Kisha ishikiliwe na mbao mbili za mbili kwa mbili, moja kila upande, ncha zake zikiwa zimefungwa vipande vya tyubu ya tairi ili zisiteleze wala kuchubua. Hata hivyo mtu wa pili asiondoke. Kazi yake ni kushika boneti tangu mwanzo hadi mwisho na kutoisogeza mpaka aliye kwenye springi aseme kwa sauti. Utaratibu huo wa kusema na kujibu unaonekana mdogo, lakini vidole vingi hubanwa kwa sababu mmoja alidhani mwenzake yuko tayari.

Nati zinazofunga boneti kwenye bawaba hazihusiki na springi na zisiguswe. Fundi anayezilegeza bila sababu atatumia mchana mzima kurudisha boneti katika mstari wake. Ikiwa bawaba yenyewe lazima itoke kwa sababu pini imelika, achore kwanza mzunguko wa kila nati kwa msumari au penseli, ili wakati wa kurudisha ajue ilikaa wapi. Na katika kifuniko cha injini cha Beetle amri ni moja: springi inatolewa kwanza, nati za bawaba zinafuata. Anayegeuza mpangilio huo anaiachia bawaba itupwe na springi ambayo bado imevutika.

Kuna njia mbili za kuaminika za kutoa springi inayovuta. Ya kwanza ni ya kamba. Boneti ikiwa juu kabisa, springi imelegea kuliko wakati mwingine wowote, ingawa bado ina nguvu. Kamba ya nailoni isiyokatika, unene wa kidole kidogo, inapitishwa ndani ya ndoano, ncha zake zinafungwa kwenye kipande cha bomba au mpini wa nyundo, na fundi anavuta kwa mikono miwili katika mstari uleule ambao springi imelala, akiwa amesimama pembeni ya mstari huo. Ndoano ikishatoka tunduni, anairudisha polepole mpaka springi ijikunje yenyewe. Anayemiliki chombo cha kuvutia springi za breki za ngoma anaweza kukitumia, mradi ncha yake iingie vizuri ndani ya ndoano.

Ya pili imezoeleka sana kwa mafundi wa magari ya zamani ya Kimarekani, ambayo springi zake za boneti ni kubwa na ngumu, na inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu inafaa hapa petu ambako vyombo maalumu ni adimu. Inategemea washa, vile vichuma bapa vyenye tundu vinavyokaa chini ya nati. Boneti ikishushwa nusu, springi inavutika na mizunguko yake inaachana. Katika kila mwanya fundi anachomeka washa, akipokezana, moja upande huu na inayofuata upande wa pili, kwa springi zote mbili za gari katika kushusha kulekule kumoja. Achomeke kwa plaizi ya mdomo mrefu, asitumie vidole, kwa kuwa mwanya ule ukifunga hautofautishi kidole na chuma. Zikishajaa, mwenzake anapandisha boneti taratibu. Springi inataka kujikunja lakini washa zinaizuia, kwa hiyo inabaki ndefu, ndoano zinalegea, na inatolewa kwa mkono wenye glavu bila kuvutwa.

Tatizo ni kwamba springi iliyotolewa hivyo bado ina nguvu yake yote ndani. Isirushwe chini, isipewe mtoto ashike. Ifunikwe kwa gunia, ndoano moja ibanwe kwenye jiliwa, kisha ikunjwe upande hadi washa ziporomoke moja baada ya nyingine chini ya gunia hilo. Na zihesabiwe. Washa iliyobaki mahali fulani ndani ya injini inaweza kuishia kwenye feni au mkanda.

Bisibisi kama wenzo ni njia ya tatu, na ndiyo inayotumika zaidi. Ndiyo pia inayoumiza zaidi. Chuma cha bisibisi ni kitelezi na cha duara, ndoano ni ya duara pia, na vitu viwili vya duara chini ya mzigo hutelezeana. Hakuna ustadi wa mkono unaobadilisha hilo.

Springi ikiwa mezani, fundi anaweza kuisoma. Ndoano yenye mfereji unaong'aa upande wa ndani imekuwa ikizunguka ndani ya tundu kavu. Mizunguko ambayo haigusani tena katikati, wakati ile ya pembeni inagusana, inaonyesha kwamba springi ilivutwa kupita kiasi. Madoa ya kutu yenye vishimo ni mabaya kuliko kutu iliyotanda, kwa kuwa kila kishimo ni mwanzo wa ufa, na springi hukatika kuanzia kwenye ufa.

Hapo hujitokeza ushauri wa kuipeleka kwa mhunzi aipashe moto na kuikaza upya. Kagera ni nchi ya chuma cha kale, kwa hiyo wazo hilo halishangazi. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science ushahidi wa tanuru za Buhaya zilizotoa chuma cha pua kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita, na upande wa kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria Warongo walijulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma hadi karne ya 20. Ni urithi wa kujivunia. Lakini waya wa springi una tabia yake: unyumbufu wake unatokana na jinsi ulivyovutwa ukiwa baridi au ulivyopozwa ghafla na kupashwa tena kwa joto lililopimwa. Ukiwekwa kwenye makaa hadi uwe mwekundu kisha ukaachwa upoe hewani, unabaki chuma laini. Utakaa mrefu siku ya kwanza utakapovutwa na hautarudi. Kwa sababu hiyohiyo springi iliyokatika haiungwi kwa welding, na ndoano iliyovunjika haikunjwi upya kwa moto wa gesi. Kukata mizunguko miwili mitatu ili springi iwe kali nako kuna hasara: inakuwa fupi na ngumu, na wakati wa kufunga boneti inalazimika kuvutika kupita kiwango chake.

Springi mpya au ya mtumba itafutwe kwa vipimo. Jina la gari peke yake halitoshi, kwani muuzaji anaweza kutoa ya toleo jingine kwa nia njema kabisa. Vipimo ni unene wa waya, upana wa springi kwa nje, idadi ya mizunguko, urefu kutoka ndani ya ndoano moja hadi ndani ya nyingine, na uelekeo wa ndoano, kama zinatazama upande mmoja au zimepishana. Unene wa waya upimwe kwa kalipa, usikadiriwe kwa jicho, kwa maana ndio wenye uzito kuliko vyote. Ugumu wa springi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene huo. Waya wa milimita 5.5 badala ya milimita 5 unaonekana tofauti ndogo, lakini unafanya springi iwe ngumu zaidi kwa karibu asilimia 46. Springi kama hiyo itaishikilia boneti vizuri ikiwa wazi na kuipinda kila inapofungwa. Upana nao una nguvu yake, kwa kinyume: springi pana ya waya uleule ni laini kuliko nyembamba. Mizunguko mingi zaidi inalainisha pia.

Anayesafiri kutafuta vipuri anajua njia zake. Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala ni mahali ambapo springi za magari ya zamani hupatikana kwa kuuliza na kusubiri, na kwa mkazi wa Biharamulo njia ya Mutukula kwenda Kampala inaweza kuwa fupi kuliko ya Dar es Salaam. Abebe springi ya zamani mkononi. Na anunue mbili. Springi mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili huinua boneti kwa mshazari, na mshazari huo unaishia kwenye bawaba na kwenye bati.

Kufunga ni kurudi kwa njia uliyotokea. Ndoano na matundu yake vinapakwa grisi kidogo. Kwa njia ya washa, ndoano moja inabanwa kwenye jiliwa, springi inakunjwa upande mmoja na washa zinaingizwa katika mianya inayofunguka, kisha inakunjwa upande wa pili na nyingine zinaingia, hadi imefikia urefu wa kutosha kupachikwa kwa mkono. Urefu wa kutosha ni ule unaofika kwenye tundu na milimita chache za ziada, si zaidi. Springi zote mbili zinapachikwa kabla mbao hazijaondolewa. Boneti ikishushwa taratibu hadi nusu, mizunguko inaachana na washa zinalegea; zinatolewa kwa plaizi au kwa sumaku, zikianguka kwenye kitambaa kilichotandikwa juu ya injini. Hesabu ya zilizotoka ilingane na ya zilizoingia.

Kisha boneti inafungwa kwa mara ya kwanza polepole mno, fundi akichungulia kila kona. Nafasi kati ya boneti na madigadi iwe sawa kulia na kushoto. Springi isiguse waya wala bomba lolote. Loki ishike, na ndoano ya pili ya usalama, ile inayozuia boneti isiruke loki ikishindwa, ijaribiwe kwa kuvuta kebo ya ndani na kujaribu kuinua boneti kwa mkono. Springi mpya zinasukuma boneti juu kwa nguvu kuliko zile za zamani. Ndoano ya usalama iliyolika, ambayo haikuwahi kuonyesha udhaifu wake wakati springi zilikuwa zimechoka, inaweza kuachia barabarani na boneti ikapiga kioo gari likiwa kwenye mwendo. Ukaguzi huu unachukua dakika mbili, na kuuruka ni kosa kubwa kuliko lolote lililotajwa hadi hapa.

Siku hizi wapo wanaoacha springi na kufunga shokapu za gesi kama zile za milango ya nyuma ya magari mapya. Zinauzwa kila mahali na zinapendeza machoni. Kwa gari la zamani si chaguo jema. Shokapu inasukuma kwenye nukta ambayo bati halikuundwa kusukumwa, inadai kutobolewa kwa matundu mapya kwenye boneti na kwenye bodi, na gesi yake hupungua kadiri miaka inavyokwenda, tena bila kuonyesha dalili ya nje kama springi inavyofanya. Ikishaisha inatupwa, na isitobolewe wala kuchomwa moto, kwa kuwa ndani yake kuna gesi iliyoshindiliwa. Matundu nayo hubaki. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yanahifadhi magari ya zamani, yakiwemo yaliyotumiwa na Mwalimu Nyerere, na thamani ya magari kama hayo iko katika kubaki yalivyotoka kiwandani. Gari la familia lililokaa Ngara miaka arobaini linastahili uangalizi wa namna hiyohiyo, hata kama halitaingia makumbusho kamwe.

Kwa mwenye gari ambaye boneti yake bado inapanda kwa mkono mmoja na kusimama, hakuna springi ya kununua mwaka huu. Afute bawaba kwa kitambaa chenye dizeli, atie tone la oili safi kila kiungo kabla ya mvua za vuli na tena kabla ya masika, na aangalie ndoano za springi kila anapopima oili ya injini. Anayetumia fito ya mkaratusi aiweke kando leo, akate mbao mbili zenye mpira nchani, na amwombe mtu wa pili amshikie boneti mpaka kazi iishe.